Shoga, usinunue kompresa kwanza

Shoga yangu, salaam nyingi kutoka huku Dar, mama mpe shikamoo yangu na watoto wote nawasalimia. Voisi yako ya hiyo AC yenu, kwamba mashine ya nje haiwaki, nimeisikiliza usiku nina usingizi ukaniruka wote, yani fundi kaja, kava hajafungua, mita hajashika, af anakwambia gesi imeisha na kompresa, ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje, imekufa lete hela? Nimekuonea uchungu kwa kweli. Joto la hapo Tanga miezi hii ya kaskazi nalijua na mama mwenyewe ana presha, kwa iyo soma hii yote taratibu kabla hujamtumia mtu shilingi.

Tuanze na hiyo gesi maana ndo wanapokula watu hela kila siku. Gesi ya AC haiishi kama ya jikoni, inazunguka tu humo humo kwenye mabomba miaka na miaka, ikipungua ujue kuna mahali inavuja na panatafutwa pazibwe kwanza ndo ijazwe. Af kwa AC ya kawaida kama yako isiyo inveta, yani kompresa inawaka na kuzima tu, haibadilishi kasi, gesi ikipungua mara nyingi mashine ya nje inawaka vizuri tu ila chumba hakipoi, na bomba jembamba pale nje unaweza ukalikuta limeganda barafu. Zipo zenye swichi ya kuzima gesi ikiwa chini lakini hizi ndogo za majumbani, za BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), nyingi hazina. Sasa yako mashine ya nje haiwaki, gesi inaingiaje hapo?

Wewe anza na rimoti, usione ni jambo la kitoto, watoto wakiichezea wanaiacha kwenye feni na mashine ya ndani itapuliza upepo mpaka asubuhi nje kimya. Weka kwenye alama ya theluji, shusha mpaka 18, halafu subiri, maana AC nyingi zina kuchelewa kwa dakika kama 3 hivi kulinda kompresa na ile gadi ya umeme ukutani, inayolinda vitu umeme ukipanda au kushuka, nayo ina muda wake wa kusubiri, kwa iyo ukiwasha ukazima ukawasha unaianzisha upya kila mara. Af angalia umeme wenyewe. Wetu unatakiwa uwe volti 230, ila jioni watu wote wakiwasha vitu mtaani unashuka, ukifika chini ya 190 hivi kompresa nyingi zinashindwa kuanza. Kama gadi yako ina kioo cha namba soma saa mbili usiku, soma tena alfajiri, niandikie zote mbili.

Sasa toka nje usikilize, hapa ndo penyewe. Mtu awashe ndani we simama karibu na mashine, usiguse kitu. Kama feni haizunguki na kompresa haitoi hata mlio, basi mara nyingi umeme haufiki nje, na kosa liko kwenye rilei (swichi ya umeme) ya bodi ya ndani au kwenye waya zinazotoka ndani kwenda nje. Nyie mnakaa karibu na bahari, chumvi inakula sana pale waya zinapofungwa chini ya kile kikava cha pembeni, nimeshafungua nyingi nikakuta waya umekuwa kijani unga unga na plastiki imeungua, unakatwa kipande, unafungwa upya, kazi imeisha. Mijusi nayo ni balaa, anapita juu ya bodi inapiga shoti anakauka hapo hapo.

Ila kama feni inazunguka na kompresa inanguruma sekunde chache af unasikia "ta!" kimya, baada ya muda inajaribu tena, shoga mi hela yangu naiweka kwenye kapasita. Ni kikopo cha rangi ya fedha, kompresa ikitaka kuanza chenyewe ndo kinaisukuma, kama gari bovu linavyosukumwa kwanza ndo liwake. Kikizeeka juu kinavimba kama kopo la maziwa lililoharibika, kingine hakivimbi ila nguvu imekwisha. Kwa saizi yako mara nyingi utakuta kimeandikwa 35 µF (ndo kipimo cha nguvu ya kapasita) na 450V, kikipimwa kisome kati ya 33 na 37 hivi, kikisoma 20 hicho ni cha kutupa. Bei yake ukilinganisha na kompresa ni kama bure.

Lakini nakuomba sana USIKIGUSE mwenyewe. Hata ukizima breka kile kikopo kinabaki na umeme ndani na kinarusha mtu, fundi lazima akitoe chaji kwanza ndo akipime.

Na huyo anayesema kompresa imekufa akuonyeshe kwa macho yako. Azime umeme, aiache ipoe kabisa kwa sababu ikiwa ya moto ile swichi yake ya ndani inakata na mita itasema uongo, achomoe waya pale kwenye pini tatu za kompresa apime omu (ukinzani wa waya) mbili mbili. Namba mbili ndogo ukizijumlisha zinatakiwa zilingane na ile kubwa, mfano 2 na 3 basi nyingine iwe 5. Halafu apime kila pini na chuma cha nje cha kompresa, hapo mita isisome kitu. Ikipita yote hayo waya za ndani za kompresa ni nzima, na fundi asiyetaka kupima mbele yako mwambie asante, aende zake.

Leo mlaze mama chumba cha upande wa baharini ufungue madirisha. We nisikilizie tu pale nje unirekodie huo mlio, na upige picha ile karatasi ya ubavuni mwa mashine nione aina na gesi yake kama ni R22 au R32, hizo hazichanganywi kabisa. Hapo Tanga kuna kijana nimesoma naye VETA, anapima kwanza ndo anaongea, nikipata hiyo rekodi nampigia aje na kapasita mkononi.

Shoga yako.