Boma likiota nyasi, fungueni daftari la muhtasari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie kitu ambacho kwenye mijadala ya maendeleo ya vijijini hakipewi hata dakika mbili: daftari la muhtasari wa vikao vya kijiji.

Boma la darasa, yaani kuta ambazo hazijaezekwa, likionekana limeota nyasi huko Kilolo, Makete au Mbozi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, lawama huwa mbili. Wananchi wanasema serikali imechelewa kuleta bati, viongozi wanasema wananchi hawana mwamko. Lakini ukiomba daftari la kijiji husika, mara nyingi utakuta sababu iko humo: uamuzi ulipitishwa na watu wasiohusika, au na wahusika wenyewe lakini katika mwezi usiofaa.

Sheria haijapungukiwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaifanya Halmashauri ya Kijiji kilichosajiliwa kuwa mtu kisheria: inamiliki mali, inaingia mkataba, inashtaki na kushtakiwa. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, wenyeviti wa vitongoji wakiwa ndani yake, na wanawake wasiopungua robo. Juu yake upo Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ambao unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri hupendekeza na kutekeleza, mkutano mkuu ndio unaoamua.

Kosa la kwanza linaanzia hapo. Kiongozi wa wilaya anakuja kukagua zahanati, watu wanakusanyika, na mtendaji anaandika kwamba mkutano mkuu wa robo umefanyika. Ule ulikuwa mkutano wa hadhara. Haukutangazwa na ajenda yake, mwenyekiti wa kijiji hakuuongoza, na hakuna aliyesoma mapato na matumizi. Kijiji kinaweza kumaliza mwaka mzima kikihesabu mikutano ya namna hiyo, halafu michango ikianza kudaiwa watu wanauliza, kwa haki kabisa, ni lini walikubaliana.

Kosa la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi, lakini mwaka wa mkulima wa nyanda za juu una hesabu yake. Iringa na Njombe mvua hushika Novemba hadi Aprili, na mwezi Desemba nguvu kazi yote iko shambani. Mkutano wa Desemba utahudhuriwa na wazee na wenye maduka. Kwa hiyo mambo mazito yapangwe kwenye mikutano miwili ya kiangazi. Wa Juni, mahindi yakiwa yanavunwa, ukubali ujenzi na kugawa kazi za msaragambo, yaani kazi za kujitolea za pamoja, kwa vitongoji. Wa Septemba upitishe vipaumbele vya bajeti, ili viifikie Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla halmashauri ya wilaya haijaanza kujumlisha mipango yake. Kipaumbele kinachofika Februari kinasubiri mwaka mwingine hata kama kijiji kizima kilipiga makofi.

Nitoe mfano wa matofali, maana hapo ndipo uamuzi wa karatasi unapokutana na udongo. Kufyatua kunaanza Juni, lakini Makete na sehemu za Mufindi alfajiri za Juni na Julai zina barafu, na tofali bichi lililolala wazi usiku mmoja wa namna hiyo huchanika uso. Yafunikwe kwa nyasi. Tanuru lichomwe Agosti au Septemba. Kijiji kinachokubaliana mwezi Oktoba kitachoma Novemba, mvua ya kwanza italikuta tanuru halijaiva, na matofali ya tabaka za nje yatarudi kuwa udongo. Rungwe, ambako mvua haina likizo ndefu, banda la kukaushia matofali linaingia kwenye makisio tangu siku ya kwanza.

Idadi nayo ipigiwe hesabu kabla ya kugawia kaya. Ukuta wa tofali zima, kwa tofali la kawaida la karibu sentimita 22 kwa 10, unakula takriban matofali 120 kwa mita moja ya mraba. Vibao vyetu vya kufyatulia vingi ni vikubwa kuliko hivyo, kwa hiyo pimeni tofali lenu, gawanyeni, kisha ongezeni moja kwa kila kumi kwa ajili ya yatakayopasuka au kubaki mabichi. Kuambia kila kaya "leteni matofali mia mia" bila hesabu ndiyo njia ya kubakiwa na ukuta ulioishia dirishani.

Jingine ni ramani. Msingi usichimbwe kabla mhandisi wa halmashauri hajaona eneo na kijiji hakijapewa ramani iliyoidhinishwa. Maboma mengi hayaezekwi kwa sababu vipimo vyake havilingani na kenchi na bati zilizopangwa, na hakuna mhandisi atakayetia saini kuezeka ukuta asioujua msingi wake. Vilevile msinyanyue ukuta wa udongo msimu ambao hamna uhakika wa kufunga lenta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, na kuezeka. Mvua moja ya masika hula kozi za juu, na mwaka unaofuata fundi anaanza kwa kubomoa.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mchango wowote uwe na stakabadhi, uingie benki kwanza, na pesa mbichi isitumike hata kwa lita moja ya dizeli. Chini ya utaratibu wa fosi akaunti, ambapo jamii inasimamia ujenzi yenyewe kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na aliye kwenye manunuzi asiwe kwenye mapokezi, hata kama ndiye pekee mwenye pikipiki. Saruji ikipokelewa ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Ikilala sakafuni wiki tatu za ukungu wa Mufindi, mtapokea mawe.

Sasa ardhi, ambako daftari bovu linauma zaidi. Kwa miaka mingi sasa watu wa mijini wamekuwa wakitafuta mashamba ya paini na mikaratusi Mufindi, Kilolo na Njombe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi: Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini tu, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya awali ya mkutano mkuu. Neno "awali" ndilo linalochezewa. Mgao unafanyika kwanza ofisini, kisha unatafutiwa muhtasari. Karatasi ya mahudhurio isiyo na tarehe wala ajenda kichwani inaweza kubandikwa popote. Watu walisaini kwa ajili ya chanjo ya mbwa, majina yao yanakuja kuonekana chini ya ekari za mgeni. Dawa yake si ngumu. Kila karatasi ya mahudhurio iandikwe ajenda juu kabla ya mtu wa kwanza kusaini, mstari upigwe chini ya jina la mwisho, na idadi isomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.

Halafu kuna vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi yake, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na vinyungu, kwa asili yake, viko bondeni. Mboga na mahindi mabichi ya kiangazi yanatoka huko, na ada za shule pia. Mwenyekiti anayetangaza faini kwa mdomo atapata chuki, hatapata maji. Faini isiyo na sheria ndogo nyuma yake haidaiki. Halmashauri ya Kijiji iandike rasimu, iite wakazi waijadili, ipelekwe halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Katika mjadala huo ndipo kijiji kitapima mita kwa kamba, kipige alama, kikubaliane wenye vinyungu watahamia wapi na kwa misimu mingapi, na mikaratusi iliyo kando ya chemchemi itaondolewa lini ipandwe mivengi, miti ya asili inayotunza maji. Tangu sheria ya maji ya 2019 uendeshaji wa miradi uko kwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na baadhi ya wenyeviti wamelichukulia hilo kama kufutwa kazi. Bomba ni la chombo, lakini bonde linabaki mikononi mwa kijiji.

Wenyeviti waliochaguliwa Novemba 27, 2024 bado wana muda. Wakurugenzi wa halmashauri wanaweza kuanza na kitu cha bei ndogo: daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba kwa kila kijiji, nakala ya muhtasari kumfikia mtendaji wa kata ndani ya siku saba, na mkaguzi wa ndani akifika kijijini aombe daftari hilo kabla ya vitabu vya fedha.

Mdau wa maendeleo ya jamii,
Iringa