Ushuru wa soda uhesabiwe kwa sukari, si kwa lita

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa unene na kisukari hapa nchini, jibu huwa ni lilelile: watu wapunguze kula, wafanye mazoezi, mdomo ni wa mtu mwenyewe. Sikatai. Hakuna serikali itakayokuja kukuamsha alfajiri ukimbie, wala kukuondolea sahani ya pili ya pilau. Na bado tunamsifia mwenye kitambi kuwa maisha yamemkubali, huku anayepungua tukimuuliza kama anaumwa. Hayo ni yetu, tuyarekebishe wenyewe majumbani.

Lakini wanaoishia hapo nawaomba wasimame wakati wa mapumziko nje ya geti la shule za msingi za huku kwetu Mbagala. Watakuta ndoo ya barafu za rangi, biskuti, soda, na karai la chipsi lenye mafuta yaliyogeuka meusi kwa kurudiwarudiwa. Tunda likiwepo, ni embe bichi la chumvi na pilipili. Ndani ya uzio, bomba halitoi maji. Mtoto wa miaka minane, mia tano mkononi, tunamwambia achague vizuri. Achague nini?

Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kuwa mwaka 2010 asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Utafiti wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Siamini kwamba nidhamu ya wanawake wa Tanzania iliporomoka ndani ya miaka mitano. Kilichobadilika ni vyakula vinavyowazunguka, bei zake, na kazi za kukaa kutwa.

Ushuru wa bidhaa kwenye soda tunao, ila unatozwa kwa lita. Kiwanda kikipunguza sukari hakipati nafuu yoyote. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 wanatoza kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 kwa mililita 100. Uingereza walianza mwezi huohuo kwa viwango vinavyopanda kadiri sukari inavyoongezeka, na kampuni nyingi zilibadili vinywaji vyao hata kabla sheria haijaanza kutumika. Mnywaji hakuhubiriwa, na sukari ikapungua. Kwetu, chupa moja ya kawaida ya mililita 300 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ikiwezekana asizidi takribani gramu 25 kwa siku nzima.

Wapo watakaosema kodi hii itamuumiza mnyonge. Mnyonge huyohuyo ndiye anayehangaika na gharama za insulini, na ndiye anayekatwa mguu kwa kuchelewa hospitali. Fedha itakayopatikana ipelekwe kwenye maji safi ya kunywa shuleni, aone imerudi kwake.

Chile walikwenda mbali zaidi mwaka 2016: bidhaa yenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi hubandikwa alama nyeusi, na yenye alama hiyo haiuzwi shuleni. Mzazi hahitaji kukokotoa gramu.

Nawaomba wabunge wetu walifikishe suala la ushuru kwa Waziri wa Fedha kabla bajeti haijasomwa Juni. Kamati za shule zisisubiri Bunge. Zikae sasa na wauzaji wa getini, wakubaliane nini kiuzwe kwa watoto wetu.

Mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam