Na Bado Wanasema Samaki Ghali

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia umepata chumba karibu na Prado, lile jumba la makumbusho la sanaa huko Madrid, Hispania. Siku ukipumzika masomo, nenda ukanitazamie picha moja. Mimi nimeiona kitabuni tu, na tangu hapo hainitoki moyoni. Joaquín Sorolla aliichora mwaka 1894, akaiita *Na bado wanasema samaki ghali!*

Ni ndani ya ngama ya chombo cha uvuvi. Kijana amelazwa, kifua wazi, kidani chake cha dini kingali shingoni. Wazee wawili wamemwinamia, wanamkandamiza kitambaa penye jeraha. Nyuma yao wamelundikana samaki waliovuliwa safari hiyohiyo. Watazame sana hao samaki. Sorolla angeweza kuwaacha, picha ikabaki ya huzuni tu. Amewaweka, sasa kila anayetazama anajua alichonunua sokoni.

Babu yako siku moja alirudi pwani mshipi umemkata kiganja hadi nyama ikaonekana. Aliuza samaki kwanza, ndipo akaenda kufungwa dawa. Mnunuzi aliona damu na bado akapunguza bei. Nilikuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyeshika tenga.

Sorolla mwenyewe ni mtoto wa Valencia, mji wa bahari. Kipindupindu kiliwachukua wazazi wake wote wawili mwaka 1865, naye ana miaka 2. Akalelewa na khalati yake na mumewe, fundi makufuli. Naamini ndiyo maana mikono ya wazee wale inajua inachofanya.

Prado wanazo pia picha za wanavijiji za mchoraji mwingine Mhispania, Valeriano Bécquer: mwanamke anayesokota nyuzi, mkata kuni, wote wa mwaka 1866. Serikali ilimpa posho azunguke mikoani kuchora mavazi na desturi za watu. Mapinduzi ya 1868 yakaikata ile posho, naye akafa 1870 akiwa na miaka 36 tu. Nawapenda watu wake, ila nguo zao naziona kabla ya jasho lao. Labda ndivyo alivyotumwa.

Kwa hiyo anza na Sorolla. Kitabuni picha ni ndogo kama kiganja changu, kumbe yenyewe ina upana wa zaidi ya mita 2. Nyuso za wale wazee sizioni vizuri. Simama karibu, usifanye haraka, kisha niandikie zikoje.

Mama yako