Subi, matunda ya kokoa sikuletei

Kumasi, 20 Oktoba 2024

Mpendwa Subi,

Ugonile, mwenzangu? Huku tu wazima. Watoto wanakusalimia, baba yao yuko barabarani kati ya hapa na Tema kama kawaida yake. Ujumbe wako niliuona, ule wa kutaka nikuletee matunda ya kokoa upate mbegu za kupanda huko Kyela, na kwamba unataka kukopa benki kwa ajili ya shamba hilo. Nikacheka, halafu nikaona si wa kujibiwa kwa mistari miwili, ndiyo maana nikanyamaza.

Matunda ya kokoa sikuletei.

Najua nakuja Krismasi, najua begi lina nafasi, najua Ambakisye kakujaza maneno kwamba mbegu ni za Ghana tu. Mwambie aje aone shamba la baba mkwe kule Sefwi Wiawso. Upande wote wa bondeni umekatwa. Kuna virusi huku vinavimbisha machipukizi, tunda linabaki dogo la mviringo, na mti unakufa ndani ya miaka michache. Vinaenezwa na vidung'ata, wale wadudu weupe utadhani mti umenyunyiziwa unga wa muhogo. Dawa hakuna. Unakata mti, unakata na majirani zake hata wenye afya, unapanda upya. Ugonjwa huu ulitambuliwa Ghana mwaka 1936, mpaka leo wanakata. Na hao vidung'ata hujificha kwenye ganda la tunda, Subi. Nikuletee zawadi hiyo?

Watafiti wenyewe wakitaka kuhamisha kokoa kutoka nchi moja kwenda nyingine huipitishia karantini Reading, Uingereza, na mmea unaweza kukaa huko ukichunguzwa hadi miaka miwili. Wewe unataka niufunge kwenye khanga nipite nao Songwe!

Mume wangu, badala ya kunitetea, ananikumbusha Tetteh Quarshie, yule fundi chuma aliyebeba mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 akazipanda Mampong, na leo nchi nzima inajivunia. Sawa. Lakini wataalamu wanasema virusi vilikuwa tayari kwenye miti ya msitu wa huku, hakuvileta yeye. Sisi kwetu tutavileta kwa mikono yetu? Tafuta mti unaozaa vizuri kwa Mzee Asangalwisye, chukua mbegu hapo hapo. Na migomba usiing'oe! Huku mche wa kokoa unakulia chini ya kivuli cha mgomba. Aliyekwambia uifyeke ni nani?

Sasa huo mkopo. Hapo ndipo sicheki.

Umeniandikia kwamba kokoa ni dhahabu. Unajua kwa nini bei ilipanda? Kwa sababu huku imekosekana. Ivory Coast na Ghana ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya kokoa ya dunia. Ghana iliyovuna zaidi ya tani milioni moja msimu wa 2020/21, msimu uliopita imepata kama nusu ya hiyo. Mvua imevuruga, virusi vimekata, na wachimbaji wa dhahabu wasio na leseni, huku wanaitwa galamsey, wamefukua mashamba. Mto Pra ni tope tupu. Jirani wa baba mkwe kawauzia ardhi yake, na sijui nimlaumu vipi, maana walimlipa taslimu siku hiyo hiyo. Watu wameandamana Accra kwa ajili ya hayo, na uchaguzi ni tarehe 7 Desemba, basi kila mgombea ghafla anaipenda mito. Kwa hiyo bei unayoishangilia Kyela ni msiba wa huku.

Tena bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwezi wa tatu, usidhani baba mkwe alizipata. Huku COCOBOD, bodi ya kokoa ya serikali, inatangaza bei moja ya mkulima nchi nzima, na kokoa nyingi huuzwa kabla hata haijavunwa. Iliyouzwa mapema iliuzwa kwa bei ya zamani. Msimu ule ulifunguliwa kwa sedi (hela ya huku) 1,308 kwa gunia la kilo 64, wakaongeza katikati, mwaka huu ni 3,000. Mzee ananung'unika, lakini anajua Jumatatu atauza kwa kiasi gani. Ninyi mnauza mnadani kwa stakabadhi ghalani. Bei ikipanda mnaila ninyi, ikianguka mnaanguka nayo, hakuna wa kuizuia. Baba mkwe anaikumbuka 1965 ilivyoporomoka. Mwaka uliofuata Nkrumah akapinduliwa, naye mzee akishaanza hiyo hadithi chakula kinapoa.

Mche utakaopanda leo utaanza kukupa kitu baada ya miaka mitatu, minne. Benki itaanza kudai lini? Na bei itakuwa hii? Panda, sikukatazi, hata mimi nakuonea wivu ardhi ile, lakini panda kidogo kidogo kwa hela ya mpunga. Rehani ya nyumba ya mama, Subi, hapana.

Nijibu basi: umeshasaini au bado? Kaka yako anajua? Riba ni kiasi gani, na hiyo hati umeisoma wewe au umesomewa? Tusa kajifungua? Na lile deni la Mama Neema, amelipa au bado anapita njia ya nyuma? Nipigie kabla hujarudi benki, hata usiku.

Wako,
Bahati