Profesa alipoondoka na kikombe chake

Charlottesville, Virginia

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanionea.

Jana, hapa Chuo Kikuu cha Virginia, tulifanya mtihani wa takwimu. Profesa aligawa karatasi, akatutakia heri, akachukua kikombe chake cha kahawa akaenda zake. Hakuna msimamizi wa kupita katikati ya madawati. Nikajikuta nimeziba karatasi kwa mkono wa kushoto, mazoea ya kwetu, na wala hapana aliyekuwa akinitazama. Nikaikumbuka mwakenya yako ya kidato cha tatu, umeikunja ndogo kuliko kiberiti, umeitia ndani ya soksi. Uliingia nayo, ukatoka nayo, kwa vile mwalimu hakukupa hata nafasi ya kuinama!

Mwisho wa karatasi niliandika kwamba, kwa heshima yangu kama mwanafunzi, sikutoa wala kupokea msaada. Kiapo hicho asili yake ni mwaka 1842. Miaka miwili kabla, mwanafunzi aliyejifunika uso alimpiga risasi profesa John Davis hapa hapa chuoni, akafa. Walimu na vijana walikuwa hawaaminiani kabisa, na dawa iliyoletwa ikawa ni kuwaamini vijana. Mimi ningeongeza askari.

Lakini usidhani ni mteremko. Ukiiba mtihani, wanaochunguza ni wanafunzi wenzako, na wanaohukumu ni hao hao. Na kwa miaka mingi adhabu ilikuwa moja tu: kufukuzwa, usirudi tena. Sasa nani atakwenda kumharibia mwenzake maisha? Wengi wakiona, wakinyamaza. Mwaka 2022 wanafunzi walipiga kura, zaidi ya asilimia 80 wakataka badala ya kufukuzwa mtu asimamishwe mihula miwili. Mwaka uliofuata wakaruhusu adhabu zipishane kulingana na kosa. Kuna na mlango mmoja nimeupenda: ukienda kukiri mwenyewe kabla hujashukiwa, ukawa tayari kurekebisha ulichoharibu, hushtakiwi.

Kiapo chenyewe hakikunipa tabu, shoga. Tabu ni hili la kumshtaki mwenzio. Tuseme jana ungekuwa umekaa dawati la pili, ukaniona nainama kwenye soksi. Ungekwenda kusema? Nijibu kweli, usinipambe. Mimi nimeligeuza swali usiku kucha, wewe ndiye umeinama, na jibu nililolipata sikulipenda.

Wako,
Rukia