Mdogo wangu hujibu "sawa" kwa kila kitu, hata kuoa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Nyumbani nakaa na mama yangu mzazi na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 28. Mdogo wangu ana ugonjwa wa akili. Kwenye kadi yake ya kliniki wameandika skizofrenia, sisi tunasema tu "maradhi yake". Yalimwanza akiwa na miaka 22, wakati huo ni fundi simu Ngamiani, mcheshi, mpaka wengine walikuwa wanakwenda pale kusikiliza maneno yake tu. Ya mwaka ule wa kwanza sitayaeleza yote. Alikuwa akibishana usiku kucha na watu tusiowaona, na tulizunguka kwa waganga hadi pesa za mchezo za mama zikaisha kabla hatujafika hospitali.

Sasa sauti zimeondoka. Hagombani na mtu, dawa anameza. Majirani wanatuambia, "Mashaallah, ametulia." Ametulia kweli, Shangazi, mpaka nyumba inatisha. Akiamka anakaa kibarazani, kiti kilekile, jua likimfikia anasogea kidogo, likimfuata anasogea tena. Umekula? "Ndiyo." Twende sokoni? "Sawa." Nguo habadilishi mpaka nimtolee. Marafiki zake wakawa wanakuja Idi hadi Idi, siku hizi hata Idi hawaji. Tulipofiwa na baba mdogo, yeye alikaa mwisho wa turubai, uso haukubadilika hata kidogo, watu wakasema hana uchungu. Usiku nilimkuta chumbani amepakata kofia ya marehemu.

Mwanzoni nilidhani ni dawa, na sehemu ilikuwa dawa kweli. Alipokuwa anatumia haloperidoli alitembea mikono imeganda ubavuni kama aliyebeba ndoo mbili za maji, mate yanamchuruzika. Nesi mmoja ndiye aliyeliona hilo, akamwita daktari, akabadilishiwa olanzapini. Mikono ikalegea, akaanza kula hadi suruali zikambana. Ukimya ukabaki palepale. Yule nesi akaniweka chini, akanieleza kwamba huo nao ni ugonjwa, si uvivu wala kiburi, na kwamba dawa hizi zinaweza kuzima sauti zaidi ya zinavyoweza kumrudishia mtu hamu ya kufanya kitu au kukaa na wenzake. Akasema nimpe kazi ndogondogo, moja baada ya nyingine, na nisimsimange. Mimi najitahidi. Mama asubuhi anamwita mvivu, jioni anamlilia. Juzi alitamka neno ambalo sijalisahau: "Bora zamani, angalau alikuwa anaongea."

Kumwachisha dawa usinishauri, tumeshajaribu. Mjomba wetu alisema dawa ndizo zinamfanya zezeta, tukamsikiliza. Miezi miwili haikuisha, sauti zikarudi, na mimi nikalala wiki tatu kwenye sakafu ya wodi.

Mjomba huyohuyo sasa ana dawa mpya: ndoa. Amepata binti Muheza, mshenga ameshakwenda, barua ya posa imepokelewa. Sifa zilizopelekwa kwa wazazi wa binti ni kwamba kijana ni mpole, mtaratibu, hana makundi, hatoki usiku. Hakuna uongo hata mmoja hapo, na ndicho kinachonikosesha usingizi! Maradhi hayakutajwa. Mjomba anasema akipata mke atachangamka, na kwamba mwenyewe ameshakubali. Nikamuuliza mdogo wangu, "Unataka kuoa?" Akasema, "Sawa." Nikaacha siku mbili zipite, nikamuuliza, "Kwa hiyo hutaki kuoa?" Akasema, "Sawa."

Labda ningekata tamaa kama si mwanangu wa miaka tisa, ambaye hucheza naye drafti kwa vizibo vya soda. Hawasemeshani kabisa. Wiki iliyopita nilikuwa karibu yao napepeta mchele, mtoto akasogeza kizibo vibaya, angeliwa kete tatu kwa mpigo. Mdogo wangu hakula. Alikirudisha kizibo mahali pake, akakigonga kwa kidole mara mbili, akangoja. Mtoto akawaza, akacheza kwingine. Kwa hiyo anaona, anafikiri, na huruma anayo. Ila mimi sijui pa kugonga ili niambiwe anachotaka.

Shangazi, nimuulizeje jambo zito kama hili nipate jibu lake mwenyewe, si hii "sawa" ya kumwondoa muulizaji? Kuna aliyeishi na mgonjwa wa namna hii akapata njia? Nafikiria kwenda naye kliniki nimwombe nesi aongee naye bila sisi, ila tarehe yake bado wiki tano, na mahari imepangwa kupelekwa mwezi ujao.

Na yule binti je? Ni mtoto wa watu, naye hajaambiwa. Nikienda Muheza kusema na mama yake, mjomba atasema nimeanika siri ya nyumba, na mama yangu sijui kama atanisamehe. Nikinyamaza, siku atakayoviona vidonge kabatini atauliza nani alijua, na mimi ndiye ninayemtolea kila jioni. Niende sasa, au nianze kwanza na mjomba mbele ya wazee?

Dada mtu, Tanga