Barua kwa mdogo wangu: usizifute nyimbo za bibi

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu Jumapili uliponiambia unataka kuzifuta zile sauti za bibi ili simu ipate nafasi, sijatulia. Ulisema jogoo anawika katikati, bibi anakohoa, na tena hizo si nyimbo za kuipelekea kwaya. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua walimu wa kwaya wenye simu zilizojaa kama yako ni wengi. Ngoja nikusimulie habari za Béla Bartók, mtunzi wa muziki wa Hungaria.

Alizaliwa mwaka 1881 katika mji uliokuwa wa Hungaria, siku hizi uko Romania. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Mama, mwalimu, ndiye aliyemshika mkono kwenye piano. Akawa mpiga piano hodari na mtunzi mwenye masikio yaliyoelekea Ujerumani. Halafu mwaka 1904, akiwa mapumzikoni shambani, akamsikia yaya kutoka Transilvania (siku hizi ni Romania), Lidi Dósa, akiimba. Akauandika wimbo ule, akamwomba mwingine, na mwingine.

Mpaka hapo, ukisema muziki wa Hungaria watu walielewa ule wa bendi za mikahawani Budapest. Bartók na rafiki yake Zoltán Kodály wakaenda vijijini na fonografu ya Edison: pembe kubwa, sindano, na silinda ya nta. Mwimbaji anaimba kwenye mdomo wa pembe, sindano inaichora sauti juu ya nta, na baada ya dakika chache tu silinda imejaa. Sauti yenyewe inakwaruza kweli kweli. Simu yako inarekodi vizuri mara mia.

Mwaka 1907 aliandika barua akisimulia mazungumzo yake na mama mmoja wa kijijini. Anaomba wimbo wa zamani, anapewa wa kanisani. Anaomba tena, anapewa wa juzijuzi. Si ndivyo ilivyokuwa kwa bibi? Tulikaa jikoni saa nzima tunaimbiwa mapambio, mpaka aliposhika ungo kupepeta mchele ndipo ule wa kutwanga ukamtoka wenyewe.

Alichokikuta Bartók ni kwamba nyingi kati ya nyimbo kongwe zilisimama juu ya sauti tano. Kwa solfa yako ni la, do, re, mi, so. Fa na ti hazimo kwenye kiunzi chake. Akirudi nyumbani alirudia kusikiliza, akiandika kila mtetemo wa koo na kila pumzi, hata pale mwimbaji alipoteleza. Na usidhani alizichukua tu akazivika mavazi ya okestra. Alikaa nazo mpaka akaweza kutunga kwa lugha yake mwenyewe, nazo zikiwa ndani yake.

Hakubagua. Za Waslovakia alikusanya, za Waromania zaidi ya 3,000, mwaka 1913 akafika Biskra, Aljeria, kusikiliza Waarabu, na 1936 akaenda Uturuki. Mwaka 1920 alishambuliwa magazetini kwao kwa kuandika juu ya muziki wa Waromania, kana kwamba kuuheshimu wimbo wa jirani ni kuisaliti nchi. Hili huniuma kila ninapolikumbuka. Na msimamo huo hakuuacha: katika wosia wake wa 1940 alikataa mtaa wowote Hungaria upewe jina lake maadamu kuna viwanja vyenye majina ya Hitler na Mussolini. Mwaka huohuo akaondoka na mkewe Ditta kwenda Marekani.

Huko Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa kazi ya kuandika noti za nyimbo za Waserbia na Wakroatia zilizorekodiwa na Milman Parry, mtafiti wa Marekani. Yaani yuleyule, masikio kwenye santuri. Akaugua saratani ya damu, akakonda sana. Mwaka 1943 Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, alimfuata hospitalini kumpa kazi ya kutunga, dola 1,000. Mgonjwa akasita kupokea fedha za kazi ambayo huenda asingeimaliza. Lakini aliimaliza, kwa wiki chache, nayo ni Konserto ya Okestra. Alifariki New York tarehe 26 Septemba 1945, akimwandalia Ditta konserto ya tatu ya piano, yaani muziki wa piano na okestra, kwa siku yake ya kuzaliwa. Zilibaki bar 17 za mwisho (bar ni kipimo kimoja cha mapigo) kupangiwa okestra. Rafiki yake Tibor Serly akazikamilisha.

Anza na Ngoma za Kiromania, za mwaka 1915. Ni sita, na zote pamoja hazizidi dakika saba. Sikiliza ukiwa peke yako.

Halafu nitumie zile za bibi WhatsApp, lakini uzitume kama faili, si kama ujumbe wa sauti, zisipungue ubora. Anza na ule wa kutwanga. Jogoo usimkate, anawika palepale bibi anapovuta pumzi, na nataka kuisikia hiyo pumzi.

Dada yako